Pezi la Kambale

Siku ya kwanza Kambale alivuta kulia. Niliandika kwenye daftari: "Kulia, urefu wa mkono mmoja kwa mita tisa. Sababu haijajulikana." Siku ya pili alivuta kushoto. Ya tatu alinyooka kama uzi uliokazwa, tukapeana mikono. Ya nne alirudi kulia zaidi kuliko mwanzo, akagonga ukuta wa hodhi na kubaki pale akitetemeka kama mtu mwenye homa, mpaka shemeji alipotia mkono majini akamzima.

Tulitazamana. Nilifungua daftari nikaandika tarehe.

Kambale ni chombo cha kwenda chini ya maji peke yake. Mwili wake ni bomba la plastiki, lile la maji taka, urefu wake kama hatua moja ya mtu mzima. Ndani mna betri, kamera, dira na kompyuta ndogo isiyozidi kiganja. Ana mota nne zenye pangaboi: mbili ubavuni za kumsukuma mbele na nyuma, mbili za kumpandisha na kumshusha. Mbele na nyuma nilimwekea vipima umbali, vinavyotoa mlio mwembamba na kusikiliza ukirudi kutoka ukutani. Vile vya mbele vimechomoza kama sharubu, ndiyo maana akaitwa Kambale. Chini ya mkia ana pezi moja la bati la alumini, la kumtuliza asiyumbe, kama manyoya yanavyoutuliza mshale. Waya hana. Waya ungenasa kwenye kona, na redio haifiki chini ya maji. Ukishamwachia, hakuna kumwita. Anakwenda na yale uliyomwandikia kichwani, kisha anarudi, au harudi.

Mimi ni fundi wa pampu. Kazi hii ya vyombo sikuisomea popote. Nilijifunza kwa kufungua vilivyokufa na kwa kusoma vitabu vilivyokosa kurasa, na pale penye ukurasa uliokosekana nilijaribu mwenyewe mpaka kikawaka au kikaungua. Kwa hiyo nikikosea sina mwalimu wa kumlaumu.

Aliyetupa kazi alikuwa Injinia wa idara ya maji, mama mmoja wa maneno machache, aliyezoea kujibu swali kwa kutazama saa. Maji ya mji yalikuwa yamepungua kwa theluthi nzima, na yeye alishuku handaki linaloyatoa bwawani. Handaki hilo lina mita thelathini na mbili, upana wake unakaribia mita moja, na katikati lina kona. Mwisho wake kuna wavu wa nondo. Je, wavu umeziba, au umevunjika? Kuliteremsha bwawa zima ili watu waingie kwa miguu ni kuufungia mji mabomba kwa wiki tatu, na wakubwa wake hawakuwa tayari kutia saini kwa kushuku tu. Walitaka picha, au walitaka jicho la mtu. Injinia alitupa Jumamosi, saa tatu asubuhi. Kambale akishindwa Jumamosi, Jumatatu ataingia mzamiaji.

Na mzamiaji ni shemeji yangu, mume wa dada. Idara nzima imebaki naye mmoja.

Hilo peke yake lingetosha kuninyima usingizi. Lakini dada alikuwa ameniambia jambo jingine, siku moja akipima kitambaa, pini zikiwa mdomoni. Alizitoa moja moja kwanza. Alisema sikio la kushoto la mumewe limetoboka tangu uzamiaji wa mwisho, linatoa maji, na usiku anajishika ukuta akitaka kwenda msalani kwa sababu sakafu inamzunguka. Daktari alimkataza kuzama tena, hata kwenye beseni.

"Injinia anajua?" niliuliza.

"Atamwambia nani? Yeye anasema ndiye peke yake, akikataa watampeleka nani. Na wewe hujasikia kitu kutoka kwangu."

Nikaahidi. Hivyo nilijua, na shemeji hakujua kwamba najua, na kila jioni tulikaa kwenye ukingo wa hodhi tukizungumza habari za mota.

Karakana yetu ni chumba cha nyuma cha nyumba ya dada. Yeye ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Kulikuwa na meza moja ndefu, na tuligawana saa: asubuhi meza ni yake, kuanzia saa kumi alasiri ni yetu. Nje, uani, kuna hodhi la zege la mita tisa lililoachwa na watu waliokuwa wakitia rangi vitambaa. Humo ndimo tulimojaribia. Juu ya meza nilichora kwa chaki mahali pa kila kitu: koleo hapa, betri hapa, Kambale hapa, kichwa huku, mkia kule. Dada alipoiona michoro ile alisema, "Pima wewe, siku yako ikifika utajichorea na kaburi." Pima ndilo jina aliloniita tangu utotoni. Lakini ile chaki ilinisaidia. Kila tulipoingia tulimkuta Kambale ndani ya mstari wake, hajasogea hata unywele, nami nilipata amani kwamba chombo kiko vilevile tulivyokiacha.

Basi kwa nini kila siku kilikuwa kingine?

Niliendelea kwa utaratibu, kwa kuwa sina kipaji kingine. Nilipima nguvu ya mota. Nilizungusha pangaboi kwa kidole nikisikiliza. Niliitoa dira nikaipeleka mbali na vyuma vyote, hadi katikati ya kiwanja cha mpira, watoto wakanizunguka wakiuliza kama natafuta maji. Vyote vilikuwa vizima. Ilibaki pezi.

Na pezi lilikuwa la shemeji. Alilikata mwenyewe, akalipiga msasa siku tatu mpaka likawa linaonyesha uso. Ndicho kipande pekee alichokitengeneza kwa mkono wake, na alikipenda. Kuliwekea rula mbele yake ingekuwa kumwambia: baba, hiki kimepinda.

Hapa inabidi nieleze jambo kuhusu nyumba yetu. Hatukulelewa kumwonyesha mtu kosa lake usoni. Mama akiona kifungo chako kimelegea, alikishona ukiwa umelala. Asubuhi unavaa shati hujui hata kama lilikuwa na kasoro. Dada alirithi hivyo, nami pia, na shemeji, baada ya miaka kumi na tisa ya kula nasi sahani moja, alikuwa ameambukizwa. Kwa hiyo sikuligusa pezi. Kambale alipovuta kulia, nilingoja shemeji aende zake, nikafungua programu, nikaiongezea mota ya kulia asilimia tatu. Nikafunga. Nikajiambia kesho atanyooka, na hakuna atakayejua.

Kesho yake alivuta kushoto. Nikapunguza. Kesho kutwa akanyooka. Sikugusa. Siku iliyofuata, kulia. Nilikaa mbele ya daftari na safu yangu ya namba: tatu, moja, moja, tano, mbili. Namba iliyomponya Jumatatu ilimtia ugonjwa Jumanne. Nilianza kuishuku hesabu, kisha macho yangu, kisha maji yenyewe, nikayapima joto asubuhi na jioni kama muuguzi wa wodi.

Na si kwamba shemeji hakuwa na mawazo. Mwanzoni kabisa, nilipomwonyesha ninachojivunia kuliko vyote, kwamba Kambale anaweza kugeuka palepale alipo, mota moja ikisukuma mbele na nyingine nyuma, akazunguka kama mtu anayetafuta aliyemwita, shemeji alitikisa kichwa polepole.

"Vizuri sana," alisema. "Lakini kwenye handaki mtu hageuki. Unaingia kichwa kwanza, unatoka miguu kwanza."

Nilimweleza kwamba Kambale ni mfupi kuliko upana wa handaki, nafasi ya kugeuka anayo. Hakubisha. Usiku nilifikiri, ni mtu mzima amesema, na amekaa chini ya maji miaka mingi kuliko mimi nilivyokaa mezani. Nikaongeza mistari michache kwenye programu, kwa heshima zaidi kuliko kwa imani: akijaribu kugeuka mara tatu akashindwa, arudi kinyumenyume. Kisha nikaisahau.

Jumatatu ya wiki ile ya mwisho niliamua kutogusa kitu. Si programu, si parafujo moja. Kama Kambale angebadilika nami sijagusa, basi kosa halikuwa kichwani mwake. Jumanne alibadilika. Jioni ile, shemeji alipokwenda kunywa chai, nilichukua uzi mweusi kwenye cherehani ya dada, nikaukaza kutoka katikati ya pua mpaka katikati ya mkia, nikatazama kwa jicho moja. Pezi lilikuwa nje ya uzi kwa milimita nne.

Jumatano niliomba ruhusa kazini nikaja mapema, saa nane mchana. Geti lilikuwa wazi. Dirishani nilimwona shemeji amesimama mezani peke yake. Alikuwa ameshika koleo alilolizungushia kitambaa lisiache alama, na kwa upole mkubwa, kama mtu anayemnyoosha mtoto kidole, alikuwa akilipinda pezi.

Nilirudi nyuma hadi barabarani. Nilisimama ukutani pale ambapo jirani huanika viatu, nikajaribu kufikiri kitu kimoja kwa wakati. Kambale akiweza, idara haitahitaji tena mzamiaji. Hilo nililijua siku zote, ila sikuwahi kuliangalia. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, nami nilikuwa nimesimama na uzi wa dada mfukoni. Lakini kama hataki Kambale aende, maana yake anataka kuingia mwenyewe, na sikio lile? Mtu anaweza kuwa na kiburi cha kiasi hicho? Anaweza. Nimewaona. Je, shemeji ni mmoja wao? Sikujua. Miaka kumi na tisa, na sikujua. Mwisho nilikohoa kwa nguvu getini, nikaingia, nikamkuta anafuta meza kwa kile kitambaa.

Sikumuuliza siku ile. Wala sikumwambia dada. Nilikwenda nyumbani nikalala na jambo hilo, na asubuhi lilikuwa bado pale.

Alhamisi jioni tulikaa kwenye ukingo wa hodhi, miguu majini. Kambale alikuwa amepita mara tatu, na mara zote tatu alivuta kushoto.

"Shemeji," nilisema, "jana nilifika mapema."

Hakugeuka. "Nilikusikia getini. Mtu hakohoi vile kama hana neno."

"Nilikuona na koleo."

Alichezesha maji kwa vidole vya mguu. "Basi umeniona."

"Unalipinda kwenda wapi?"

"Jana kushoto. Wiki iliyopita kulia. Inategemea ameamkaje." Akavuta pumzi. "Programu yako ina kasoro, shemeji. Sikutaka kukwambia. Umekaa nayo miezi minne, macho yamekuwa mekundu kama ya mvuta bangi. Nikuambie nini? Nikaona bora nimsawazishe kwa pezi, kidogo kidogo, ufaulu bila kelele."

Nilimwonyesha daftari. Alisoma safu ya namba kwa kidole, akarudi juu, akasoma tena.

"Hizi ni nini?"

"Ni mimi. Nilidhani pezi lako limepinda, sikutaka kukwambia. Nikawa nasawazisha kwa mota."

Alilifunga daftari. "Kwa hiyo mimi napinda," alisema, "na wewe unapindua."

"Ndivyo inavyoonekana."

"Na jana, pale nje. Ulifikiri sitaki aende."

Ningeweza kusema hapana. "Nilifikiri," nilisema.

"Ungekuwa na haki. Akiweza huyu, mimi watanipa rungu nikae getini." Alimtazama Kambale, aliyeelea ubavu kando ya miguu yetu. "Lakini silali, shemeji. Nikifumba macho naona ile kona. Nataka aende. Nataka aende kuliko wewe unavyotaka."

Mkono wake ulikuwa umekwenda wenyewe kwenye sikio la kushoto. Aliuona pale alipoona kwamba nami nauona.

"Dada yako amekwambia," alisema.

"Ameniambia."

"Mwanamke yule," alisema, lakini bila hasira.

Tulianza upya kabla jua halijazama. Nilirudisha namba zote kwenye sifuri, mota ya kulia na ya kushoto sawasawa. Yeye alilinyoosha pezi, mimi nikishika uzi, mpaka likakaa katikati yake. Kambale alikwenda mita tisa na kurudi mita tisa kama aliyeshikwa mkono. Mara kumi. Tulimlaza ndani ya chaki, tukaahidiana kwa maneno, kama watoto: hakuna atakayegusa mpaka Jumamosi. Ijumaa hatukuja kabisa. Yeye alikuwa zamu, mimi nilikuwa ndani ya kisima cha watu na pampu yao.

Jumamosi, saa moja asubuhi, tuliingia karakanani pamoja kumchukua. Kambale alikuwa ndani ya mstari wake. Nilikaza uzi kwa mazoea tu.

Milimita tatu, kulia.

Nitasema ukweli: jambo la kwanza lililonijia lilikuwa kulinyoosha kimya kimya na kuondoka. Shemeji alikuwa amegeukia kabati. Sekunde kumi zingetosha, na tungekuwa tumerudi palepale. Nikaacha uzi mahali ulipo.

"Pezi limesogea," nilisema.

Alikuja akatazama. Aliinama, akafumba jicho moja, akainuka. "Si mimi."

"Wala mimi."

Tulisimama. Niliitazama mikono yake, kisha nikaona anaitazama yangu. Hakukuwa na mtu wa tatu mwenye uzi wala koleo, na saa tatu ilikuwa inakuja. Sikumwamini, na sikuweza pia kutomwamini. Kichwani mwangu mambo hayo mawili yalikaa pamoja kama wageni wawili wasiojuana.

Dada aliingia na jora la kitambaa cha bluu begani. Alishangaa kutukuta, kwa sababu asubuhi haikuwa zamu yetu. Alisema amebakiza sketi mbili za kukata na meza anaitaka.

"Mbona mnamtazama kama maiti?" aliuliza. "Mtamsogeza, au nimsogeze mwenyewe kama siku zote?"

Hakungoja jibu, alimsogeza. Alimbeba Kambale kwa mikono miwili, kama unavyombeba mtoto aliyelala, akamwegemeza ukutani amesimama wima, mkia chini. Uzito wote, betri na vipande vya madini ya risasi vya kumzamishia, ukakaa juu ya pezi. Nilisikia bati likilia kidogo.

"Kila asubuhi?" nilimuuliza.

"Si kila asubuhi. Siku za kukata tu. Siku za kushona sihitaji meza yote." Alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Na nikimaliza namrudisha palepale. Mna siku mliyomkuta nje ya chaki yenu?"

Hatukuwa na siku hiyo. Shemeji aliteremka polepole mpaka akakaa sakafuni, kati ya vipande vya kitambaa, akaanza kucheka bila sauti, mabega tu. Mimi nilimweleza dada yote, tangu asilimia tatu mpaka koleo lenye kitambaa. Mwanzoni naye alicheka. "Manahodha wengi," alisema, na hakumalizia, kwa kuwa hakuna asiyejua chombo kama hicho huenda wapi. Kisha kicheko kikamkatika. Alimtazama mumewe pale chini, upande wa kushoto wa kichwa chake.

"Kwa hiyo mimi ndiye ningekupeleka humo handakini," alisema.

Shemeji alimwambia asiseme hivyo, kwamba sote watatu tulikuwa tukimpotosha Kambale. Aliinuka, akachukua koleo. Safari hii alilinyoosha pezi mbele yetu sote, dada akishika upande mmoja wa uzi.

Bwawani palikuwa na upepo mdogo. Injinia alikuwa amewaamuru watu wa chini wafunge nusu ya bomba, ili maji yasivute kwa nguvu handakini, na akasema hawezi kuzuia zaidi ya saa moja. Shemeji alishuka ngazi ya chuma hadi maji yakamfika kifuani, sikio likiwa juu, akamwelekeza Kambale kwenye mdomo wa handaki na kumwachia. Mkia ulionekana kidogo, ukapotea. Nilikuwa nimepiga hesabu: dakika kumi na moja kwenda na kurudi.

Dakika ya kumi na moja ilipita. Injinia alitazama saa, akatazama maji. Ya kumi na tatu. Ya kumi na tano. Nilipitia programu kichwani mstari kwa mstari nikitafuta nilipokosea, na kila mstari ulionekana mzuri, na hilo ndilo lililonitisha.

Dakika ya kumi na saba shemeji alipanda, akavua shati, akaanza kufunga mkanda wa risasi kiunoni. Hakuwa na haraka. Injinia alisema huenda amenasa hapo mlangoni tu, mita mbili tatu, mtu angeweza kumfikia.

Nilimshika shemeji mkono. "Betri ina dakika thelathini. Subiri."

"Na kama amenasa?"

"Basi amenasa. Ni bomba la maji taka, shemeji. Nitanunua jingine."

Alinitazama. Mkanda ulibaki umefungwa nusu.

Dakika ya ishirini na tatu, kwenye ule mdomo mweusi, kitu kiling'aa. Hakikuwa kichwa wala sharubu. Lilikuwa pezi. Kambale alikuwa akitoka nyuma mbele, pole pole, akishindana na maji, mota zake zikilia kwa uchovu, katikati kabisa ya handaki.

"Miguu kwanza," alisema shemeji. Alisema kama anajisemea.

Tuliangalia picha kwenye gari la Injinia, tumejibana watatu. Mita kumi na sita za zege tupu. Kona. Kisha wavu, au kilichokuwa wavu: nondo tatu zimekatika na kupinda kwa ndani, na turubai kubwa limejikunja juu yake, likivutwa na kuachiwa, likivutwa na kuachiwa, kama kitu kinachopumua. Kambale alijaribu kugeuka. Turubai lilimgusa. Alijaribu tena. Alijaribu mara ya tatu, akaacha.

Injinia alirudisha picha nyuma, akaisimamisha. "Maji yote yanapita kwenye tundu hili," alisema. "Na hapo tumefunga nusu."

Shemeji aliweka kidole kwenye kioo, juu ya nondo moja iliyokuwa karibu. "Mimi ningeshika hapa," alisema.

Hatukumuuliza kingetokea nini baada ya hapo. Turubai liliendelea kusimama kwenye kioo, limevutwa.

Injinia alisema hakuna mtu atakayeingia. Jumatatu ataomba saini ya kuliteremsha bwawa, na safari hii watatia. Kisha aliuliza ni nani aliyefikiri kumrudisha kinyumenyume. Nilimnyooshea shemeji kidole. Ndipo shemeji alipomwambia habari za sikio, yote, pamoja na daktari na sakafu inayozunguka, akitazama mikono yake. Injinia hakutazama saa. Aliuliza tu, "Na Jumatatu ungezama?"

"Ningezama," alisema shemeji.

Sijui mpaka leo Injinia aliichukuliaje. Alifunga kompyuta, akasema watazungumza ofisini.

Karakanani tuliweka ubao. Atakayemgusa Kambale, kwa sababu yoyote, anaandika alichofanya. Wa kwanza kuandika alikuwa dada: "Nimemlaza kwenye godoro la mtoto. SIO kwa mkia." Chini yake shemeji aliandika kwamba ameangalia tu, kwa macho.

Wiki iliyofuata tulimtia tena hodhini. Namba zilikuwa sifuri, pezi lilikuwa kwenye uzi, ubao haukuwa na neno jipya. Kambale alikwenda mita tatu vizuri, kisha taratibu akaanza kuvuta kushoto.

Tulisimama watatu kwenye ukingo, hakuna aliyegusa, na safari hii nilijua kwamba hakuna aliyegusa. Nilifungua daftari. "Kushoto, kiganja kimoja kwa mita tisa," niliandika. "Sababu haijajulikana." Kisha nikawasomea kwa sauti.